Mwalimu wa Hesabu na Swali la Saba

Mwalimu wetu wa Hesabu alikuwa hahesabu watu. Vitu vingine vyote alivihesabu: ngazi za ofisi ya kata, mabehewa ya treni, punje za maharage tulizoleta darasani, hata mara ambazo mwalimu mkuu alisema "kwa hiyo" katika hotuba moja. Lakini watu, hapana. Siku tuliyopelekwa milimani kutazama maporomoko, walimu wengine walitupanga mistari na kutugusa vichwani, moja, mbili, tatu. Yeye alisimama pembeni akaita majina yetu bila karatasi, mmoja mmoja, mpaka wote tukaitika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema binadamu hahesabiwi kama mbuzi, ukimhesabu unakiandikia kifo orodha. Halafu akanitazama kwa ukali, akaongeza kwamba hilo halitatoka kwenye mtihani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchunguza. Sijui neno lingine la heshima zaidi la kuitia tabia hii. Nina steshenari hapa Mafiga, natoa kopi, nachapa barua, nauza madaftari, na kwa bahati nzuri nyumba yake ni ya tatu kutoka dukani kwangu. Miaka yote hii nimemwona akipita na mkoba wake mweusi ambao ndani yake, hata baada ya kustaafu, hamkukosa vipande vya chaki. Alikuwa akisimama mbele ya mabango ya wauza nyanya na kuwasahihishia hesabu zao kwa chaki hizo. Wapo waliomkasirikia, ila sikuwahi kuona aliyefuta.

Darasani alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote: jibu bila njia ni uvumi. Nilipokuwa darasa la sita swali gumu la treni mbili zinazokutana tulilipata mimi na mwenzangu wa dawati tu. Yeye alipewa maksi zote, mimi sifuri. Baba yangu, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani na hakuwa mtu wa kuja shule, alikuja.

"Mwalimu, jibu la mtoto si ni sahihi?"

"Ni sahihi, baba. Ila sijui limefikaje hapo."

"Basi mpe hata moja."

"Maksi haziongezwi, baba. Zinatafutwa."

Baba alirudi nyumbani akinuna kwa niaba yangu, na mimi nilinuna pia, ingawa nilijua vizuri kwamba lile jibu nilikuwa nimelichungulia kwa mwenzangu. Kazi ya kunakili nilianza zamani.

Alitufundisha pia MAGAZIJUTO, ule mpangilio ambao kila aliyepita shule ya msingi anaujua: mabano kwanza, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, na mwisho toa. Wengine walitufundisha kama wimbo. Yeye alitufundisha kama sheria za barabarani. Alichukua swali moja, akalifanya kwa mpangilio sahihi, kisha akalifanya ovyo ovyo, akatuonyesha majibu mawili yaliyopishana, akauliza darasa zima: "Mmeona ajali?"

Sasa mtu kama huyo ungetegemea awe na subira na mambo yote. Wapi! Kwenye tamthilia za televisheni alikuwa mwizi wa wazi. Kila jioni alipita dukani, ambako mtandao wangu ulikuwa mzuri, akitaka nimtafutie yule binti ataolewa na nani. Nilimwambia angoje kama watu wengine. Akasema hawezi kukaa miezi mitatu na wasiwasi wa watu asiowajua, nimwambie mwisho kwanza, ndipo akatazame vizuri. Nilimkumbusha habari ya jibu bila njia. Alisema tamthilia haina maksi.

Alistaafu lakini aliendelea kupima muda kwa mihula. Kitu kilitokea muhula wa kwanza, au likizo ya Juni, au wiki ya mitihani. Ndivyo nilivyokuja kujua kwamba uvimbe kwenye titi lake alikuwa nao tangu mihula miwili nyuma.

Siku hiyo aliingia asubuhi na bahasha ya kaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Toa kopi mbili mbili. Usisome."

Nilisema sawa, nikasoma. Nasoma kila kinachopita kwenye ile mashine: vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya viwanja, barua za talaka. Nimewahi kujua mtu kaachwa kabla yake mwenyewe. Sheria yangu ni moja, macho yasome na mdomo ufungwe, na sheria hiyo ndiyo imenilinda kwenye mtaa huu. Zile karatasi zilikuwa majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye titi. Maneno mengi yalikuwa ya kitabibu, lakini mengine mtu huyaelewa bila kufundishwa. Nilizipanga, nikabana pini, nikamkabidhi kama vile nimetoa kopi za ratiba ya kanisa.

"Umesoma," alisema.

"Hapana, Mwalimu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. "Basi niambie mwisho unasemaje, maana mimi nimeishia ukurasa wa kwanza."

Nikamwambia. Nilisoma polepole, kama nilivyokuwa nikisomeshwa ubaoni na yeye: saratani ya titi, hatua ya tatu, imeshika ngozi na tezi za kwapani, mgonjwa apelekwe Dar es Salaam mapema. Niliogopa sana kuinua macho. Nilipoinua, nilimkuta ananitazama kwa utulivu ule wa kusubiri mwanafunzi amalize.

"Umesoma vizuri," alisema. "Zamani ulikuwa unaruka mistari."

Wiki moja baadaye alirudi akitaka nimchapie mtihani. Nilidhani amepata kazi ya kufundisha watoto wa jirani. Kumbe mtihani ulikuwa wa daktari. Juu kabisa aliniambia niandike kwa herufi kubwa: JIBU MASWALI YOTE. ONESHA NJIA. Chini ya kila swali niache mistari minne ya kujibia. Swali la kwanza, kwa nini dawa zitangulie na upasuaji ufuate? La pili, kama dawa zinafanya kazi, kisu cha nini? La tatu, kama kisu kitaondoa, mionzi ya nini? La nne lilihusu nywele, la tano chakula, la sita kama ataweza kuinua mkono na kuandika ubaoni. Alikuwa akisoma kutoka kwenye daftari lake, mimi nachapa. La saba alilisoma kwa sauti ya chini: je, ni kweli kwamba kisu kikiigusa saratani inasambaa mwili mzima?

Nilimaliza kulichapa. Akafunga daftari, akasema, "Hilo toa. Karatasi itajaa."

Karatasi haikuwa imejaa. Ilibaki nafasi ya maswali mengine matatu. Nililiona hilo, na kwa sheria yangu ya mdomo nikalitoa lile swali, nikachapisha sita. Nimejuta sana.

Safari ya kwanza ya Dar nilikwenda naye mimi, kwa sababu mdogo wake anayeishi Matombo alikuwa kwenye mavuno. Daktari alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Mwalimu alimkabidhi karatasi na kalamu. Yule kijana alicheka, kisha alipoona hakuna mwingine anayecheka, akavuta kiti na kuanza kujibu.

Alieleza kwamba kwa jinsi uvimbe ulivyokuwa umeshika ngozi na kwapa, wakikata sasa wataacha mabaki. Kwa hiyo zitatangulia dawa za kwenye mshipa, ambazo wagonjwa wote pale waliziita kemo. Hizo zinatembea na damu mwili mzima, zinafinya uvimbe na kusaka vijipande vilivyokwisha kutoroka. Uvimbe ukishafinywa, upasuaji unaondoa titi na tezi za kwapani. Halafu inakuja mionzi, kifuani na kwapani, kuunguza chembe ambazo jicho la mpasuaji haliwezi kuziona. Kila kimoja kina kazi ambayo mwenzake haiwezi.

Mwalimu alisoma jibu la tatu, akarudisha karatasi. "Hapa umeruka hatua. Chembe hizo unajuaje zipo kama huzioni?"

"Sijui kama zipo, mama. Najua kwamba kwa uvimbe kama wako mara nyingi huwepo. Kati ya wagonjwa mia moja wenye..."

Mwalimu aliinua kiganja. "Watu hawahesabiwi, daktari."

Kijana alinitazama mimi. Nilitazama dirishani.

"Lakini nimeelewa," Mwalimu aliendelea. "Kumbe ni MAGAZIJUTO. Ukianza na kutoa, jibu linaharibika."

Daktari alipiga meza kwa furaha. Alisema na yeye alifundishwa hivyohivyo Tabora na alichapwa kwa ajili yake. Kuanzia hapo walikuwa marafiki, na nilipoona wanacheka nilidhani kazi yote imekwisha.

Kemo ilikuwa kila baada ya wiki tatu. Moja ya dawa hizo ni nyekundu kama sharubati ya rozela, na Mwalimu alitaka kujua inaitwaje, inatengenezwa na nini, na kwa nini mkojo wake ulitoka na rangi hiyohiyo. Nywele zilikwenda. Kucha zikawa nyeusi. Chakula chote kilimnukia chuma isipokuwa pasheni kali za kutoka Mgeta, ambazo alikula akifumba jicho moja. Kuna siku alitapika kwenye ndoo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akaomba daftari, akaandika muda ulioanza na muda ulioisha. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha wageni, kwa sababu sikuweza kuona mtu mwenye adabu kiasi kile akitapika.

Kwenye chumba cha kemo wanawake walikaa kwenye viti vilivyozunguka ukuta, kila mmoja na chupa yake juu. Mwalimu alijua majina yao yote kabla ya safari ya pili. Alipofika aliita: wa Kisaki, ambako aliwahi kufundisha zamani, alimwita kwanza, kisha wa Dumila, kisha wa Lindi, wote kwa majina kamili, na kila mmoja alijibu "nipo" huku akicheka. Safari ya tatu jina moja halikujibiwa. Aliliita tena. Muuguzi akatikisa kichwa taratibu. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana, kisha akaendelea na jina lililofuata.

Dawa zilifanya kazi. Ule uvimbe uliokuwa mgumu kama kokwa la parachichi ulipungua, ukawa kama karanga, na baada ya mzunguko wa mwisho wa kemo hata yeye mwenyewe hakuupata. Ndipo ilipotokea ajali.

Nilijua kwa harufu ya wali wa nazi. Mdogo wake alikuwa ameshuka kutoka Matombo na jogoo wawili, na nyumba ilikuwa na watu mpaka barazani. Mwalimu, na kilemba kipya cha kijani, alinivuta mkono jikoni.

"Jibu limetoka," alisema. "Sifuri. Nimepapasa mwenyewe, mdogo wangu naye amepapasa, hakuna kitu."

"Na daktari?"

"Na yeye amepapasa. Anasema ni matokeo mazuri sana."

"Amesema upasuaji lini?"

"Ametaja tarehe." Alifunua sufuria, akatazama ndani, akafunika. "Siendi. Mtu ukishapata jibu unaendelea kukokotoa nini?"

Mdogo wake, mwanamke mpole mwenye lafudhi ya milimani, alidakia kwamba Mungu ameshamaliza, ya nini kumkata mtu mzima tena. Nilikula wali ule, nakiri, na kuku nikala. Nilirudi dukani nikiwa sijasema kitu.

Siku nne nilijaribu kukaa na sheria yangu. Nilitoa kopi, nikauza kalamu, na kila nilipofunga macho niliona ile karatasi yenye nafasi ya maswali matatu. Nilianza kuelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa mapema. Huyu mama aliyeuliza kuhusu kucha na mkojo hakuwa amechoka kuuliza. Kulikuwa na swali moja aliloliogopa, na hilo ndilo lililokuwa linaamua maisha yake. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imebakiza siku sita.

Siku ya tano nilichukua karatasi nyeupe. Juu nikaandika jina lake na neno Hesabu. Katikati nikaandika: Jibu, sifuri. Kisha kwa kalamu nyekundu nikachora alama ya kosa, na pembeni, 0/9, kwa maana kemo, kisu na mionzi niliziwekea tatu tatu, na karatasi isiyoonyesha njia haipati kitu. Chini nikaandika maneno ambayo nilikuwa nimeyasoma kwenye madaftari yangu utoto mzima: Njia iko wapi?

Nilimkuta barazani akichambua mchele. Nilisimama mbele yake kama vile mimi ndiye niliyeitwa ofisini. Aliisoma bila kuishika, ikiwa bado mkononi mwangu.

"Nani kakupa kalamu nyekundu?"

"Nimeinunua mwenyewe, Mwalimu. Nauza."

"Unanipa sifuri mimi?"

"Kwa kemo peke yake ningekupa tatu. Lakini umeandika jibu ukaficha kazi. Na swali la saba ulilitoa."

Uso wake ulibadilika. Sijawahi kumwona akiwa na uso ule, si shuleni, si hospitalini. Akaweka ungo chini.

"Nilipokuwa Kisaki," alisema, "tulikuwa walimu wawili wanawake, tunakaa nyumba moja. Yeye alikuwa na uvimbe kama huu. Akakatwa. Hakukuwa na dawa kabla, hakukuwa na kitu baada. Alirudi kazini anaimba. Muhula uliofuata ulikuwa kwenye mgongo, kisha kwenye mapafu. Nilimwosha mimi. Watu wote walisema, ni kisu, kisu kimeuamsha. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Sasa mbona hukumuuliza daktari?"

"Akisema ndiyo, je?"

Nilisema tu kwamba mimi sijui Hesabu na anajua hivyo kuliko mtu yeyote, lakini yule mwalimu mwenzake alifanyiwa hatua moja, tena ya katikati, na yeye ameandaliwa zote tatu. Nikasema naogopa kumzika. Nililisema hivyohivyo, bila kulipamba. Alinyoosha kidole kuelekea barabarani.

"Toka kwangu."

Nilitoka. Nililia njia nzima, nyumba tatu tu lakini zilikuwa ndefu. Mteja aliyekuwa akisubiri kopi za kitambulisho aliniuliza nani kafariki, na swali hilo lilinikasirisha mpaka nikamtolea kopi zilizopinda.

Kesho yake, kabla sijamaliza kufungua milango, alikuwa amesimama pale na mkoba.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitika haraka. "Marahaba. Chapa swali la saba. Peke yake, karatasi nzima. Aachiwe nafasi ya kutosha."

Aliipeleka Dar mwenyewe, na daktari alijaza ukurasa wote na kugeuza nyuma. Mwalimu alinipa niusome mwenyewe, bila kuniambia nisisome. Hapana, aliandika, kisu hakisambazi. Kinachoua ni chembe zilizokwisha kusafiri kabla ya kisu, na ndiyo maana dawa zilitangulia. Huenda mwenzako zilikuwa zimesafiri zamani na hapakuwa na cha kuzifuata. Halafu aliandika kwamba vidole havitoshi kujua kama uvimbe umekwisha, vya kwako wala vyangu. Mwisho, pole kwa rafiki yako.

Alikatwa siku iliyopangwa. Nyama iliyotolewa ilipelekwa kupimwa, na majibu yakasema ndani yake kulikuwa bado na vijipande vilivyo hai, vidogo, na kimoja kwenye tezi ya kwapani. Nilipotoa kopi ya majibu hayo niliyasoma mara mbili. Vingekuwa vimebaki mwilini, chini ya kile kilemba cha kijani na wali wa nazi. Yeye alisema maneno mawili tu: "Vidole waongo." Kisha akaendelea na mazoezi ya mkono, akitambaza vidole juu ya ukuta wa sebuleni na kuweka alama ya chaki pale vilipofika. Alama hizo zipo hadi leo, zinapanda kama ngazi, na mtu akija kuupaka rangi ukuta ule nitamkataza.

Mionzi ilimweka Dar wiki nyingi, kwa mpwa wake Mbagala, kila siku hospitalini isipokuwa mwisho wa wiki. Alinipigia simu kueleza kwamba mashine haina maumivu wala harufu, inavuma tu, na kwamba wamemchora mistari kifuani kwa wino akaona ni jometri nzuri kabisa. Ngozi iliungua ikawa nyeusi kama imepitiwa na pasi. Alilalamika juu ya joto la Mbagala kuliko hilo.

Alirudi. Jumanne ya juzi aliingia dukani, amekonda, nywele zimeota fupi na nyeupe na laini, kama za mtoto. Upande mmoja wa blauzi ulikuwa bapa na hakuwa ameuficha kwa kitu. Aliweka mbele yangu ile karatasi yangu ya sifuri. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Nyuma yake alikuwa ameandika upya kwa mwandiko wake wa ubaoni: kwanza kemo, na tarehe zake zote. Pili upasuaji. Tatu mionzi. Chini, penye neno Jibu, aliacha wazi.

"Sahihisha," alisema.

"Na hapa pa jibu?"

"Hapo usiguse. Nitakuwa nakwenda kupimwa, miaka. Daktari mwenyewe hajui. Wewe sahihisha njia."

Nilitafuta kalamu nyekundu kwenye droo ingawa ilikuwa sikioni kwangu. Nikaweka vema kwenye kemo, tatu. Vema kwenye kisu, tatu. Vema kwenye mionzi, tatu. Macho yalikuwa yamejaa na mistari ilikuwa inacheza. Juu kabisa nikaandika 10/9, nikapiga mistari miwili chini yake.

Aliigeuza karatasi, akavaa miwani.

"Tatu mara tatu ni ngapi?"

"Tisa, Mwalimu."

"Hii moja umeitoa wapi?"

"Nimekuongezea."

Nje mtu alikuwa akipiga honi, na mashine yangu ya kopi ilikuwa ikipoa kwa milio midogo midogo. Nilisubiri ile sentensi aliyomwambia baba yangu. Nilikuwa tayari hata kuisema pamoja naye. Aliingiza mkono mkobani, akatoa kifutio cha wino, akakishika kwa muda juu ya ile kumi.

Halafu akakirudisha, akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya blauzi upande ule ulio bapa, na kuniambia nimtafutie yule binti wa tamthilia aliolewa na nani.